Obokano: Kano, mshipi au waya? Kubadili nyuzi za kinubi cha Abagusii bila kupoteza sauti yake

UZI wa obokano haungoji siku ya mapumziko ndipo ukatike. Aghalabu hukatika mkesha wa harusi, au asubuhi ya mashindano ya muziki wa shule, ala ikiwa tayari imeanza kulinganishwa. Hapo mwenye ala huko Nyansiongo, kaunti ya Nyamira, huwa na njia tatu mbele yake: kutafuta kano za ng'ombe kwa wachinjaji, kununua mshipi wa nailoni dukani, au kufumua waya wa breki ya baiskeli.

Njia zote tatu hutoa sauti. Lakini si kila sauti itokayo katika obokano ni sauti ya obokano, na fundi aliyechagua uzi kwa kuutazama unene tu anaweza kujikuta na ala nyingine kabisa mikononi mwake, au na bakuli lililopinda na ngozi iliyoraruka.

Obokano ni kinubi kikubwa cha jamii ya Abagusii. Kina nyuzi 8, bakuli la mbao lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inayotokeza bakulini, na upau wa juu unaoiunganisha mikono hiyo. Nyuzi hufungwa upande wa chini wa bakuli, hupita juu ya daraja lililokalishwa kwenye ngozi, kisha hupanda hadi kwenye upau, ambako huzungushwa ili kukazwa au kulegezwa.

Afrika Mashariki ina vinubi vingi vya ukoo huu. Waluo wana nyatiti, Wabukusu wana litungu, Wakuria wana iritungu, Wakipsigis walio ng'ambo ya mpaka wa Borabu wana chepkong'o, nao Waganda wana endongo. Miongoni mwao obokano hujulikana kwa ukubwa wake na kwa uzito wa sauti yake. Ndicho kinubi cha besi. Mpigaji huimba juu ya ngurumo hiyo, iwe ni katika harusi, katika kuwasifu watu mashuhuri au katika kikao cha wazee.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulitamka jina hilo bila kusikia ndani yake neno la Kiswahili, ukano, yaani ule ugwe mgumu unaoshikanisha nyama na mfupa. Na kwa hakika kano za ng'ombe ndizo zilizokuwa nyuzi za vinubi vya eneo hili kabla ya nailoni kufika.

Kano zilivyoadimika

Kutengeneza uzi wa kano ni kazi ya siku kadhaa. Kano hutolewa zikiwa mbichi, hukwanguliwa nyama na mafuta, huanikwa, kisha hupondwa mpaka ziachane kuwa nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi hizo hulowanishwa na kusokotwa, kipande kikiungwa na kipande, kwa kuwa kano moja haifikii urefu wa kinubi. Mwishowe uzi huvutwa na kuachwa ukauke ukiwa umenyooka. Nyuzi za utumbo wa mbuzi, kondoo au ng'ombe hupitia njia inayokaribiana na hiyo, ila utumbo una faida ya urefu.

Nyansiongo yenyewe inaonyesha kwa nini kazi hiyo imepungua. Eneo la Borabu lilikuwa sehemu ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, ambayo baada ya uhuru wa mwaka 1963 yaligawanywa na kuuziwa wakulima Waafrika. Leo ni nchi ya majani chai na ng'ombe wa maziwa wachache wachache, wala si ya makundi makubwa ya mifugo. Ng'ombe anapochinjwa, miguu yake ina wanunuzi wake: kano nyingi huishia katika sufuria ya supu, na ni vigumu kumshawishi mwenye kibanda cha supu kwamba ala ya muziki inazihitaji zaidi.

Nailoni, kwa upande mwingine, ilikuja yenyewe. Ilibuniwa katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilianza kuchukua nafasi ya zile za kitani katika Ziwa Victoria. Kutoka miji ya ziwani kama Kisumu na Homa Bay, mshipi wa kuvulia ni safari fupi tu kufika vilima vya Kisii na Nyamira. Hauoi, hauliwi na panya wala wadudu, na wenye mwenendo wake hauhitaji kusokotwa.

Abagusii hawakuwa peke yao katika mabadiliko hayo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utumbo uliotumika kwa nyuzi za gita ulihitajika zaidi hospitalini kwa kushonea majeraha. Fundi Albert Augustine wa New York alianza kujaribu nailoni, na kwa kushirikiana na mpiga gita mashuhuri wa Hispania, Andrés Segovia, nyuzi za nailoni ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940. Kanuni na udi wa taarabu, ambao zamani ulifungwa nyuzi za utumbo au hariri, nao umehamia nailoni na nyenzo nyingine za viwandani.

Tofauti ni kwamba kiwanda cha nyuzi za gita humfanyia mpigaji hesabu kabla ya kumuuzia. Mshipi wa samaki haukupimwa kwa ajili ya obokano. Hesabu hiyo imebaki juu ya fundi.

Uzito, si unene

Kimo cha sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, mkazo wake na uzito wake kwa kila mita. Urefu umeshaamuliwa na mwili wa ala. Mkazo una mipaka yake, kwa sababu ngozi, daraja na mikono vilitengenezwa kustahimili kiasi fulani. Linalobaki mikononi mwa fundi ni uzito.

Hapa ndipo nyenzo zinapotofautiana. Sentimita moja ya ujazo ya utumbo au kano kavu ina takriban gramu 1.3. Nailoni ina gramu 1.14. Ule mshipi wa florokaboni, unaouzwa kwa wavuvi kwa kuwa hauonekani vizuri majini, una karibu gramu 1.78. Chuma kina gramu 7.85.

Chukulia uzi wa kano wenye unene wa milimita 2. Ili uzi mwingine utoe sauti ileile, kwa urefu uleule na mkazo uleule, ukiwa wa nailoni unapaswa kuwa na unene wa milimita 2.14. Wa florokaboni utakuwa milimita 1.71, na wa chuma milimita 0.81 tu. Kwa maneno mengine, nailoni inayochukua nafasi ya kano haina budi kuwa nene kidogo kuliko kano yenyewe.

Desturi huenda kinyume cha hesabu hiyo. Mshipi mnene hivyo haupatikani kila duka, na fundi akiuvuta ule wa milimita 1 kwa mikono yake huona kwamba haukatiki. Huuamini kwa nguvu zake, akaufunga.

Lakini uzi huo una uzito wa chini ya robo ya ule wa kano. Ukilinganishwa kwa sauti ileile ya zamani, mkazo wake nao hushuka chini ya robo. Uzi huning'inia, hugonga ngozi, na sauti haitoki nje ya bakuli. Mpigaji akiona hivyo hukaza. Anapofika mahali ambapo uzi unauitikia mkono kama ulivyouitikia ule wa kano, sauti imepanda zaidi ya oktava nzima. Kinubi cha besi kimekuwa kinubi cha sauti nyembamba. Kibaya zaidi, mwimbaji naye hulazimika kuifuata ala yake huko juu, au aiache mbali na sauti yake.

Hakuna aliyekosa bidii katika kisa hicho. Kosa limo katika kupima kwa nguvu kile kilichopaswa kupimwa kwa uzito.

Waya na hatari zake

Waya una kishawishi chake. Nyaya zinazofumuliwa kutoka kebo ya breki ya baiskeli zimetumika kwa miaka mingi katika magita ya kienyeji ya Afrika Mashariki, na sauti yake ni kali na husikika mbali. Katika obokano, hata hivyo, waya una njia mbili za kuharibu.

Ukiwa mwembamba, wa milimita 0.3 kwa mfano, huwa mwepesi kuliko kano na huipandisha sauti kama ulivyofanya mshipi. Ukiwa mnene, mkazo hupita kiasi. Mfano wa hesabu unatosha: uzi wa kano wa milimita 2, wenye urefu wa sentimita 80 na kulinganishwa kwa mitetemo 80 kwa sekunde, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 7. Waya wa chuma wa milimita 1, kwa sauti ileile, huvuta kwa zaidi ya kilo 10. Kama nyuzi zote 8 zingevuta hivyo, mzigo ungepanda kutoka takriban kilo 55 hadi zaidi ya kilo 80.

Mzigo huo hauishii katika mikono na upau. Sehemu yake hushuka kupitia darajani na kuikandamiza ngozi. Aidha, waya ni kama kisu. Hulichimba daraja, huukata upau unapozungushwa, na huchubua vidole vilivyozoea kano.

Somo hili Wazungu walijifunza kwa gharama kubwa katika ala zao wenyewe. Hapsikodi, kinanda kilichotangulia piano, ambacho nyuzi zake hudonolewa na ncha za unyoya wa ndege, kilifungwa nyaya laini za chuma na za shaba nyeupe. Mafundi wa karne ya 20 walipokuwa wakivifufua vinanda hivyo vya kale, wengi walifunga waya mgumu wa kisasa wa aina itumikayo katika piano. Sauti ilibadilika, na baadhi ya masanduku, yaliyotengenezwa kwa mbao nyembamba, yalipinda kwa mzigo ambao hayakukusudiwa kuubeba.

Baadaye mafundi walirudi kuvichunguza vinanda vyenyewe. Katika baadhi yao walikuta namba ndogo za unene wa waya zilizoandikwa kwa wino na watengenezaji wa kwanza, wakaanza kutafuta nyaya zinazolingana na zile za zamani. Obokano haina namba za wino. Kumbukumbu yake ni ule uzi uliokatika, na mara nyingi ndio unaotupwa kwanza.

Hao mafundi wa hapsikodi walithibitisha pia jambo linalowashangaza wengi: kwa urefu uleule na nyenzo ileile, uzi mnene na uzi mwembamba hukatika karibu katika kimo kimoja cha sauti. Uzi mnene una nguvu zaidi, ni kweli, lakini unahitaji mkazo zaidi kwa kiasi kilekile ili ufike sauti hiyo.

Katika ala ya besi kama obokano, nyuzi hufanya kazi mbali sana na kikomo hicho. Ule uzi wa mfano hapo juu hubeba chini ya sehemu moja ya kumi ya mzigo ambao utumbo mzima unaweza kuustahimili. Kwa hiyo uzi unaokatika mara kwa mara mahali pamoja haudai uzi mnene zaidi. Unadai fundi alitazame daraja, fundo na upau, kwani hapo pana ukingo mkali, au panya amepita.

Kusokota nailoni

Dawa ya wepesi wa nailoni si mpya. Ni ileile iliyotumiwa kwa kano. Nyuzi 3 za mshipi wa milimita 1.2, unaopatikana kwa urahisi zaidi kuliko wa milimita 2, zikisokotwa pamoja hufupika kidogo, na kila mita ya uzi uliosokotwa hupata uzito unaokaribia sana ule wa kano ya milimita 2. Isitoshe, uzi uliosokotwa hupindika kwa urahisi kuliko uzi mmoja mnene, na uzi unaopindika kwa urahisi una sauti iliyo wazi zaidi. Ulaya nako, kabla nyuzi za besi hazijaanza kuviringishiwa waya katika karne ya 17, watengenezaji walisokota utumbo kama kamba kwa sababu hiyohiyo.

Nailoni iliyosokotwa hupenda kujifumua. Ncha zote mbili zifungwe kabla ya kuachiliwa, uzi uvutwe kati ya misumari miwili, kisha umwagiwe maji yaliyochemka na kuachwa upoe ukiwa bado umevutwa. Joto hilo huufanya ukumbuke msokoto wake.

Fundi asiye na mizani ya duka la dawa anaweza kujitengenezea yake kwa dakika chache. Kijiti chepesi kilichonyooka hufungwa uzi katikati na kuning'inizwa mpaka kilale sawa. Upande mmoja hutundikwa kipande cha uzi wa zamani, tuseme sentimita 50, baada ya kukifuta vumbi na uchafu. Upande wa pili hutundikwa kipande cha urefu uleule cha nailoni iliyosokotwa, kwa umbali uleule kutoka katikati. Kijiti kikiinama upande wa kano, nailoni bado ni nyepesi na inahitaji uzi mwingine ndani yake. Kikiinama upande wa nailoni, nyuzi zilizotumika ni nene mno. Kikilala sawa, uzito umepatikana, na hakuna hesabu iliyohitajika.

Kila uzi upimwe kwa nafasi yake. Nyuzi 8 za obokano hazina kazi moja, na kuzifunga zote kwa mshipi wa unene mmoja, jambo linalofanyika sana kwa kuwa mshipi huuzwa kwa gombo moja, huziacha baadhi zikilegea na nyingine zikikaza kupita kiasi. Mkono wa mpigaji hulihisi hilo kabla ya sikio.

Msukosuko ulio sehemu ya sauti

Yako mambo ambayo mizani haiyaoni. Kano ina uso wenye kukwaruza kidogo, na inapotetemeka karibu na daraja au ngozi hutoa mnong'ono wa kukoroma. Vinubi vya Afrika Mashariki na vya jirani vimelipenda koromo hilo kwa makusudi. Endongo ya Waganda huziacha nyuzi ziigonge ngozi ya kenge. Begena ya Ethiopia, yenye nyuzi 10, huwekewa kipande cha ngozi chini ya kila uzi darajani ili uvume. Nailoni laini, isiyosokotwa, hulifuta koromo hilo. Msokoto hurudisha sehemu yake, si yote.

Yafaa kusemwa wazi kwamba kano nayo ilikuwa na taabu zake. Milima ya Kisii na Nyamira hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na kano hunywa unyevu wa hewa, ikabadili sauti kati ya asubuhi na alasiri. Nailoni hustahimili zaidi, ingawa nayo hufyonza maji kiasi. Kwa mpigaji wa harusi anayesafiri kwa pikipiki katika mvua za Aprili, nailoni iliyopimwa vizuri ni chaguo la busara, wala hapaswi kulaumiwa kwa kuiacha desturi.

Jambo ni tofauti kwa obokano ya zamani ambayo bado ina nyuzi zake za kwanza. Hiyo ni ushahidi. Makumbusho kama Pitt Rivers ya Oxford na Horniman ya London, ambayo yana ala za Afrika katika hazina zao, hayabadili nyuzi za zamani ili ala ipigwe. Unene, msokoto na fundo vyote ni habari ambayo haipatikani tena uzi ukishafunguliwa. Familia yenye kinubi cha babu ukutani ingefanya vyema kuagiza kipya kwa vipimo vyake, na kukiacha kile cha babu jinsi kilivyo.

Kufunga na kungoja

Kwa ala ya kupigwa, kazi ya kufunga huanza kwa kuikagua ngozi. Ngozi iliyolegea kwa unyevu ianikwe kwanza, la sivyo nyuzi zitakazwa juu ya ngozi laini, na jua litakapotoka mkazo utapanda wenyewe. Nyuzi za zamani zisifunguliwe zote kwa mara moja. Daraja hulindwa mahali pake na mgandamizo wa nyuzi, na likiteleza ni kazi kulirudisha palepale. Hubadilishwa mmoja mmoja, kwa kupokezana upande wa kushoto na wa kulia, ili mikono isivutwe upande mmoja.

Fundo la nailoni hutaka mizunguko zaidi kuliko fundo la kano, kwani nailoni huteleza. Kitambaa kigumu au kamba ya mgomba ikizungushwa kwenye upau chini ya uzi huupa mahali pa kushika.

Nailoni mpya huendelea kurefuka kwa siku kadhaa baada ya kufungwa. Italinganishwa asubuhi, na jioni itakuwa imeshuka. Ndiyo maana uzi uliofungwa Ijumaa usiku hautaituliza harusi ya Jumamosi, na mpigaji mwenye uzoefu hufunga angalau wiki moja kabla, akiikaza ala kidogo kidogo kila siku.

Kile kipande cha uzi wa zamani kilichotundikwa kwenye mizani ya kijiti kifungwe kwa karatasi yenye namba ya nafasi yake, kuanzia 1 hadi 8, na kuwekwa mahali pakavu ambapo panya hafiki.